Jicho Lililo Ndani ya Mpaka

Hombolo,
12 Februari 2023

Mdogo wangu Hilda,

Marahaba. Hujaniamkia bado, lakini najua ukifungua barua hii neno la kwanza litakuwa shikamoo dada, kwa hiyo nakujibu mapema tusipoteze karatasi.

Juzi nilikuja hapo kituoni kwenu kupimwa macho na hukuniona. Nilikaa kwenye benchi la chini tangu saa mbili asubuhi, nikawa naangalia ngazi, labda utashuka. Yule dada wa mapokezi akaniambia, "Hilda wa picha? Hao hawashukagi, mama. Wanashinda juu na kompyuta zao." Nikafurahi. Mtoto niliyembeba mgongoni huku nawafundisha darasa la pili kujumlisha, leo ana chumba cha juu.

Nilipimwa. Niliweka kidevu kwenye kile kikombe cha plastiki cha mashine, paji la uso nikaliegemeza, nikaambiwa nitazame kamsalaba ka kijani nisipepese. Baadaye Daktari Ludovick akaniita. Akasema sukari imevujisha maji nyuma ya macho yangu, kwenye retina, yote mawili, la kulia zaidi. Kwa hiyo ule ukungu ninaouona kwenye vichala vya zabibu zangu si vumbi la Hombolo. Akaniambia kuna utafiti wa dawa mpya, sindano ya jicho kila mwezi hadi Oktoba, na kila mwezi picha. Akanipa fomu ya kurasa kumi na moja. Nilizisoma zote, mimi ni mwalimu. Mengine sikuyaelewa, lakini niliyasoma.

Nimetia sahihi. Daktari aliponiuliza kama nina swali, niliwaza hivi: anayezisoma picha ni mdogo wangu. Sasa nani atanificha kitu?

Namba yangu ni thelathini na moja. Ukiiona huko juu, isalimie.

Usinipigie simu. Herufi zake zinaelea, na wewe ukiwa kazini nikikupigia hupokei. Kalamu na karatasi bado naviweza. Barua atakuletea Abdulrahim, mnunuzi wa zabibu, anapita Miyuji kila Alhamisi. Mpe jibu mkononi.

Dada yako,
Raheli


Miyuji,
20 Februari 2023

Dada Raheli,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia.

Mbona hukuniambia kwamba unakuja? Ningeshuka. Lakini nimefurahi sana kwamba umejiunga. Watu wanatoka hadi Manyoni kuomba nafasi, wanarudishwa.

Ngoja nikueleze kazi yangu, maana nyumbani wote wanadhani napiga picha za pasipoti. Mashine yetu haipigi picha ya jicho kwa nje. Inaingiza mwanga ndani na kuionyesha retina kama mkate uliokatwa, tabaka juu ya tabaka. Kompyuta inachora mstari wa juu na mstari wa chini, halafu inapima umbali kati yake. Huo ndio unene. Maji yakizidi, unene unapanda. Dawa ikifanya kazi, unashuka. Wakati mwingine kompyuta inakosea, mstari unakwama mahali pasipo pake, basi mimi ninaushika na kuurudisha. Ndiyo kazi yangu yote, dada: kuangalia mistari miwili.

Jicho lako la kulia lina unene wa 362. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa ni kama 270. Mpaka tuliojiwekea ni 400. Anayeupita mara mbili mfululizo anatolewa kwenye utafiti na kupewa tiba kamili siku hiyohiyo. Kwa hiyo hakuna atakayeachwa.

Kuna makundi mawili. Moja linapewa dawa mpya, jingine linalinganishwa nalo. Hata mimi siambiwi nani yuko wapi. Naona namba tu.

Thelathini na moja nimeisalimia. Imeitikia.

Mdogo wako,
Hilda


Hombolo,
9 Mei 2023

Mdogo wangu,

Jana nimechomwa sindano ya nne, nami nataka nijisifu.

Pale kwenye benchi tuna mzee mmoja wa Chamwino, anaitwa Jamaldini, fundi cherehani. Tulianza siku moja. Yeye akitoka kuchomwa anashika jicho, analia kama mtoto, analala kwenye benchi hadi mwanawe amfuate. Mimi hainiumi hata kidogo. Nasikia kitu kimegusa tu jicho, kama mtu amelibonyeza kwa ncha ya kidole, basi, nashuka kitandani. Nesi akaniambia, "Mama una moyo." Nikamwambia sisi Wagogo tulitobolewa masikio kwa mwiba. Nadhani mimi nimewekwa kwenye kundi la dawa ya zamani, na hiyo ya zamani ni laini.

Lakini sasa nisikilize. Jumapili nilitazama mlango wa kanisa nikaona umepinda kiunoni. Nikafumba jicho la kulia, mlango ukanyooka. Nikafumba la kushoto, ukapinda tena. Na kale kamsalaba ka kijani kwenye mashine nakaona kana tumbo. Nilimwambia daktari, akasema picha ndiyo itakayosema.

Picha yangu inasemaje?

Dada yako,
Raheli


Miyuji,
18 Mei 2023

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, Abdulrahim anasubiri mlangoni na gari linanguruma.

Picha zako ziko ndani ya mpaka. Usihangaike na mlango wa kanisa. Pima sukari asubuhi na jioni, punguza uji wa sukari, kunywa maji.

Huku tunabanwa. Wageni wanakuja mwezi ujao kukagua, na Daktari Ludovick anataka ripoti ya nusu mwaka iwe safi. Amesema nikifanya vizuri nitapelekwa Dar es Salaam kusomea shahada ya pili. Niombee.

Hilda


Hombolo,
2 Julai 2023

Hilda mdogo wangu,

Unashangaa herufi zimekuwa kama za bango la mkutano. Natumia kalamu nene, ile niliyokuwa naandikia chati darasani. Nyembamba siioni tena inapopita.

Sikutaka kukuambia hili, lakini nitakuambia. Wiki iliyopita nilikuwa shambani napunguza majani ili jua liingie kwenye vichala. Nilikata asubuhi nzima. Salha, mwalimu mwenzangu wa zamani tuliyepakana naye mashamba, akaja kunisalimia akainamia kapu langu. Nikamuuliza, "Kuna nini?" Akasema, "Mama, mbona unavuna kabla ya wakati?" Kumbe kapu limejaa zabibu mbichi. Majani yako palepale, vichala nimevikata. Nikamwambia nimeamua mwenyewe, zilikuwa na ugonjwa. Akaniitikia. Ni mtu wa heshima, alijua nadanganya akaniitikia.

Jamaldini anasoma gazeti. Nilimkuta kwenye benchi analisoma kwa sauti, anamkosoa mwandishi.

Sasa kuna hili. Madaktari wa macho wa kanisa wanakuja Chamwino tarehe kumi hadi kumi na tano. Wana sindano na wana mionzi. Mchungaji amesema anaweza kuniandikisha kesho. Nikiwaambia nyie kituoni, mtasema nisichanganye dawa. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Niende, nisiende? Nijibu kama mtu aliyeziona picha zangu, usinijibu kama mfanyakazi.

Dada yako,
Raheli


Miyuji,
6 Julai 2023

Dada Raheli,

Shikamoo.

Usiende Chamwino. Ukichomwa dawa nyingine utatolewa kwenye utafiti, na miezi yote hii itakuwa ya bure. Hao wanapita tu, wakiondoka nani atakufuatilia? Sisi tupo hapa.

Picha yako ya mwezi uliopita ni 391. Iko ndani ya mpaka. Subiri hadi Oktoba.

Umeniomba nikujibu kama mtu aliyeziona. Nimeziona. Subiri.

Mdogo wako,
Hilda


Dodoma,
13 Novemba 2023

Ndugu Mshiriki Na. 31,

YAH: KUKAMILIKA KWA UTAFITI

Tunayo furaha kukujulisha kwamba utafiti ulioshiriki umekamilika kwa mafanikio. Dawa iliyochunguzwa imeonyesha kupunguza unene wa retina kwa kiwango kikubwa ikilinganishwa na kutotumia dawa.

Wewe ulikuwa katika kundi linganishi. Washiriki wa kundi hili walifanyiwa taratibu zote isipokuwa kuingiziwa dawa. Bomba liligusishwa kwenye jicho bila kuwa na sindano, kama ilivyoelezwa katika ukurasa wa saba wa fomu uliyoisoma na kuitia sahihi.

Matokeo yako ya mwisho ni kama ifuatavyo. Jicho la kulia: kuhesabu vidole kwa umbali wa mita moja. Jicho la kushoto: herufi kubwa mbili za juu kwenye chati ya kupimia macho. Kutokana na kovu lililojitokeza, tiba haitarajiwi kuleta manufaa kwa jicho la kulia. Kwa jicho la kushoto unashauriwa kuhudhuria kliniki ya kawaida kwa utaratibu wa kawaida.

Unakaribishwa katika mkutano wa kuwasilisha matokeo tarehe 30 Novemba, saa tatu asubuhi. Chakula cha mchana kitatolewa.

Mchango wako kwa sayansi ni mkubwa.

Dk. Ludovick
Mtafiti Mkuu


Hombolo,
3 Desemba 2023

Hilda,

Mwandiko huu ni wa Salha. Maneno ni yangu. Nimemwambia asipunguze wala asipambe.

Barua ya daktari alinisomea yeye. Alipofika kwenye bomba lisilo na sindano aliirudia sentensi mara mbili, nikamwambia endelea. Kisha nikamwambia twende kwenye huo mkutano. Hakutaka. Nikamwambia nimetoa macho, angalau nile huo wali.

Tulikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mimi nilikuwa na miwani myeusi, nimejitanda khanga. Mbele niliona mwanga mkubwa mweupe tu. Daktari Ludovick alisema, akapigiwa makofi. Halafu akasimama mtu mwingine, na kabla hajataja jina lake niliijua sauti. Niliifundisha mimi kutamka a, e, i, o, u.

Ulisema hivi, na Salha alikuwepo, ni shahidi: "Huyu ni mshiriki thelathini na moja. Mwanamke, miaka hamsini na mitano, mkulima wa zabibu. Tumemchagua kwa sababu anaonyesha vizuri kabisa mwenendo wa ugonjwa usipotibiwa." Ukaanza kuonyesha jicho langu, mwezi baada ya mwezi. Februari. Machi. Aprili. Watu walikuwa wanasema mmh, mmh, kama wanaoonyeshwa nyumba inayoungua. Salha alikuwa ananinong'oneza anachokiona. Alisema, "Ni kama kilima, Mama. Kila picha kilima kinakua."

Halafu mgeni mmoja, daktari wa kike, akanyoosha mkono. Akauliza, "Samahani, rudisha picha ya Juni. Mbona mstari wa chini umepita katikati ya retina? Hapo unene halisi si 391. Unakaribia mia nne na themanini. Kwa nini huyu mama hakutolewa akapewa tiba?"

Nawe ukajibu, "Tulitumia mistari ya kompyuta kama ilivyo." Akakuuliza, "Hamkuirekebisha?" Daktari Ludovick akasema muda umekwisha, chakula kiko tayari. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, Hilda. Sijui kwa nini. Mikono ilipiga yenyewe hadi Salha akaishika.

Kwenye foleni ya chakula ulipita na sahani yako, unacheka na wageni. Ulinigusa begani ukasema, "Samahani mama, naomba nipite." Nikakupisha.

Mwaka huu mwanzoni uliniandikia kwamba kompyuta ikikosea, wewe unaushika mstari na kuurudisha. Barua hiyo ninayo, Salha amenisomea tena. Kwa hiyo nina swali moja tu. Uliponiandikia nisiende Chamwino, ulikuwa umeuona ule mstari, au hukuuona?

Raheli


Miyuji,
11 Desemba 2023

Dada Salha, naomba umsomee haya mkiwa wawili tu. Tafadhali.

Dada Raheli,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne nikaichana.

Niliuona.

Mwezi wa Aprili Daktari Ludovick alituita ofisini. Alisema watu wanne wa kundi linganishi wameshatolewa kwa kupita mpaka, na wakitoka wengine hakutabaki cha kulinganisha, utafiti utakufa. Akasema, "Kuanzia leo mistari ya kompyuta iachwe ilivyo. Binadamu asiguse." Hakuandika popote. Alisema tu, akafungua dirisha.

Yalikuwa macho sita ambayo kompyuta ilikosea. Sita, dada, ya watu sita. Lako lilikuwa moja. Sikuwa naambiwa mko kundi gani, lakini uliponiandikia kwamba sindano haikuumi, nilijua. Nilikaa na barua yako chooni kazini nikalia.

Ningerekebisha la kwako peke yako, angeniuliza kwa nini hilo moja, na ningekuwa nimependelea ndugu. Ningerekebisha yote sita, ningetolewa kwenye kile chumba siku hiyohiyo, na safari ya Dar es Salaam basi. Nikajiambia labda mwezi ujao kompyuta itapata yenyewe. Kila mwezi nilikuwa naiacha picha yako iwe ya mwisho, baada ya nyingine zote, ili niifungue nikiwa nimechoka, macho yasione vizuri. Namba zenu ninazo kichwani, sijalala nikazisahau: 8, 14, 22, 27, 31, 40.

Kuhusu Chamwino, ungeenda wale madaktari wangekupiga picha. Wangeona. Wangeuliza nani alikuwa anasoma picha zako. Niliogopa.

Dawa yenyewe ni nzuri, dada. Hilo si uongo. Kwa sababu ya utafiti huu watu wengi wataitumia, macho mengi yatapona. Najaribu kulifikiria hilo.

Pale kwenye chakula sikukujua. Umekonda sana. Nisingekupita.

Niambie nifanye nini, nitafanya.

Hilda


Hombolo,
29 Desemba 2023

Kwa Hilda,

Hii ni ya Salha mwenyewe. Dada yako hajui kwamba ninaandika.

Nilimsomea barua yako jikoni kwake, tukiwa wawili kama ulivyoomba. Alikuwa anachambua majani ya mlenda kwa vidole. Nilipofika kwenye neno "Niliuona" vidole havikusimama. Akasema, "Soma namba zile tena." Nikasoma. "Tena." Nikasoma. Mara ya tatu akazitaja yeye mwenyewe, kama mtoto aliyekariri.

Akauliza, "Ishirini na mbili si ni yule mama wa Mvumi, aliyekuwa anakuja na mkwewe?" Nikasema sijui. Akasema ni yeye. Alimsikia akiitwa kwenye benchi.

Jana ameniambia niweke barua yako kwenye bahasha, hiyohiyo yenye mwandiko wako, niipeleke kwa bodi inayosimamia tafiti. Nilimwambia, "Mama, huyu ni mdogo wako. Watamfukuza. Tuandike nyingine, tumtaje daktari peke yake." Akasema, "Na wale watano ni wadogo wa nani?"

Nimeipeleka leo. Nimeona ni haki usikie kutoka kwangu kabla hujaitwa.

Alipomaliza kuniagiza alikwenda kulala saa tisa mchana, na hajawahi kulala mchana tangu nimjue.

Salha


Miyuji,
19 Machi 2024

Dada Raheli,

Shikamoo.

Nimefukuzwa kazi na nimezuiwa kusoma picha za wagonjwa mahali popote. Kikao kilikuwa siku mbili. Barua iliyosomwa mbele ya wote ni ile niliyokuandikia wewe, hadi pale pa chooni. Mmoja wao aliniuliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa nimeshaongeza yote humo.

Daktari Ludovick alisema hajawahi kutoa agizo kama hilo, na kama lipo lionyeshwe kwa maandishi. Wale wenzangu wawili wa chumbani walisema hawakumbuki. Yeye amesimamishwa kwa miezi mitatu, kisha, nasikia, atahamishiwa mradi mwingine.

Sikulaumu. Wakati mwingine nakulaumu, halafu naacha.

Nyumba ya Miyuji nitaiacha mwisho wa mwezi. Dada, nataka kurudi nyumbani. Nitakushika mkono kwenda kanisani, nitakupikia, nitakuangalizia sukari, nitakata mizabibu wewe ukinielekeza. Nimesomea macho, naweza kukusaidia kuliko mtu mwingine yeyote hapo. Nilale palepale chumbani kwangu. Sina pengine pa kwenda, na hata ningekuwa napo nisingetaka.

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mdogo wako,
Hilda


Hombolo,
2 Aprili 2024

Ndugu Hilda Yoramu,

Mwandiko wa Salha, maneno yangu.

Watu wa bodi walikuja hapa na gari. Walikuwa na adabu. Walinipeleka hospitali nyingine, nikapigwa picha na kijana nisiyemjua, naye akanionyesha namba kwenye skrini akazitaja kwa sauti bila kuulizwa. Nimechomwa jicho la kushoto mara mbili. Nilipiga yowe hadi wa nje wakasikia. Sasa pembeni mwa hilo jicho naona nguzo za mizabibu na naona mtu akija, ingawa sijui ni nani mpaka aseme. La kulia limekwisha.

Kati ya wale sita, wawili wamepona kiasi. Namba nane yuko kama mimi. Arobaini hajapatikana, alihama. Mama wa Mvumi alianguka kisimani mwezi wa Januari, kabla gari halijamfikia. Tulikwenda kuzika. Mkwewe aliniuliza tulikuwa tunafahamiana vipi na marehemu. Nilimwambia tulikaa benchi moja.

Umesema ulikuwa unaiacha picha yangu iwe ya mwisho ili uifungue ukiwa umechoka. Katika yote uliyoandika, hilo ndilo ninaloamka nalo. Kuogopa naelewa. Tamaa ya kusoma naelewa, mimi ndiye niliyekufundisha. Lakini wewe ulijipangia namna ya kutoniona. Kila mwezi.

Chumba chako amekaa Batuli, binti wa kwao Salha, ndiye anayekata mizabibu. Anaiweza.

Unauliza kama unaweza kuja. Njoo. Sijawahi kumzuia mtu kwangu. Ukifika kwenye ua, simama nje upige hodi, usubiri ukaribishwe. Usipite jikoni. Utapewa kiti sebuleni na maji ya kunywa, na Batuli atakupikia kuku, kwa sababu ndivyo tunavyofanya. Utaniuliza habari za siku nyingi, nitasema nzuri. Nitakuuliza habari za utokako, nawe utasema nzuri. Ukimaliza kula utanawishwa mikono, na Salha atakusindikiza hadi barabarani, maana mimi siwezi kutembea hadi huko.

Gari la mwisho la kurudi mjini linaondoka saa kumi. Usije na mizigo.

Raheli Yoramu